Lalamiko Kuhusu Dakika Thelathini na Tano Kati ya Unguja na Pemba

Muindi Kitonga,
Mwalimu mstaafu (Jiografia),
Soko la Matiliku,
Kaunti ya Makueni.

Kwa Mhariri,
Tovuti ya Umbali na Muda wa Safari za Ndege.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Matiliku, ambako ndengu zimeshavunwa na vumbi limeanza kurudi mahali pake. Sijui kama wewe ni mtu. Mwenzangu Mulwa anasema kurasa kama zenu siku hizi huandikwa na mashine. Kama wewe ni mashine, tafadhali mpe barua hii binadamu aliye karibu nawe, na umwambie aketi kabla ya kusoma.

Mimi nilifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na mmoja. Nimewafundisha watoto wa huku kupima umbali kwa uzi na rula, kusoma longitudo, na kueleza kwa nini mvua ikifika milima ya Mbooni husahau kushuka kwetu. Sijawahi kupanda ndege. Bahari nimeiona mara moja, katika semina ya walimu mjini Mombasa mwaka wa 1994, nikaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, nikaona inatosha. Nayasema haya mapema ili usije ukayagundua mwenyewe katikati ya barua ukaacha kunihurumia.

Nakuandikia kuhusu ukurasa wenu unaosema kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kilomita mia moja ishirini na tano, na kwamba safari huchukua dakika thelathini na tano. Ukurasa huo umeniharibia jina kanisani, na nyumbani umenihamisha. Sasa hivi nalala stoo, kati ya magunia ya ndengu na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba takwimu zenu ni za kweli.

Nilipoziona mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu nilidhani mmekosea. Nikatoa atlasi yangu ya shule, nikachukua uzi wa kushonea wa mke wangu Kanyiva, nikapima kutoka kisiwa hadi kisiwa. Nikapima mara tatu. Mara ya tatu niliuvuta uzi kidogo, kosa ambalo mwanafunzi wangu angepiga magoti kwa ajili yake, na bado haukufika hata kilomita mia na arobaini. Mhariri, hamkuacha hata nafasi ya mtu kupumua. Mimi hudhani takwimu ziliwekwa ili kusaidia watu. Zenu zimewasaidia watu wote wa Matiliku isipokuwa mimi.

Ili uelewe kwa nini nilihitaji mkosee, lazima nikueleze kuhusu binti yetu Nzilani.

Nzilani ndiye mtoto wetu wa pekee. Alisomea kilimo, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti kule Kiboko, akawa anashughulika na mbegu za mtama zinazovumilia ukame. Kwa miaka miwili nilitembea sokoni nikiwa mrefu kuliko nilivyoumbwa. Watu waliniuliza mimi habari za mbegu, nami niliwajibu kwa kirefu, ingawa Nzilani alikuwa hajaniambia chochote. Kisha siku moja akaja nyumbani akasema amepata kazi Pemba, ya kufanya utafiti wa mwani pamoja na akina mama wanaoulima. Nikamuuliza mwani ni kitu gani. Akasema ni mmea unaolimwa ndani ya bahari kwa kufungwa kwenye kamba.

Mimi ni mtu niliyechimba mitaro ya kukinga maji kwa mikono yangu. Sijui ni mara ngapi nimesimama uani nikitazama wingu likipita juu ya shamba langu kwenda kunyeshea watu wengine. Na sasa mtoto wangu mwenyewe ananiambia kuna shamba lisilongoja mvua, tena amelichagua hilo! Niliona kama nimetukanwa pamoja na mitaro yangu yote.

"Ukienda kulima chumvi," nilimwambia langoni, "usinitafute mvua ikinyesha."

Nzilani alinitazama kwa upole. "Baba," akasema, "hata mvua yenyewe haijakutafuta mwaka huu."

Mulwa ni jirani yetu, na wakati huo alikuwa upande wa pili wa ua akikata majani ya mbuzi. Alicheka. Alicheka kwa heshima, kupitia puani, lakini alicheka. Hiyo ndiyo sababu sikumsindikiza binti yangu. Nilimwacha abebe begi lake peke yake hadi steji ya mabasi, nami nikaingia ndani kusoma gazeti la wiki iliyopita. Nililisoma lote, hata matangazo ya zabuni.

2. Kwamba ukurasa wenu hautaji maji kupwa na kujaa.

Baada ya miezi mitatu Nzilani alipiga simu akasema atatutumia tiketi za ndege, mimi na mama yake, tukaone anapoishi. Kabla simu haijakatika Kanyiva alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. Mimi nilihitaji sababu ya kutokwenda, na mwalimu wa Jiografia hakosi sababu. Kipande cha Nairobi hadi Unguja sikuweza kukigusa, kwa maana rafiki yetu Dirie, mwenye duka la vitambaa Makindu, alikuwa amekwenda na kurudi na anajua ni saa moja na kidogo. Lakini kutoka Unguja hadi Pemba hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amefika. Kwa hiyo uongo wangu niliuweka hapo, katikati ya bahari, mahali pasipo na shahidi.

Nilimwambia Kanyiva kwamba kipande hicho ni masaa saba.

Akauliza mbona kwenye ramani visiwa vimekaribiana. Nikamweleza habari za kupwa na kujaa. Nikamchorea. Nikasema uwanja wa Pemba hufunikwa na bahari nusu ya siku, na ndege huzunguka juu ikisubiri maji yarudi nyuma ndipo itue, na kwamba mtu mwenye presha kama yeye hawezi kukubaliwa kuzungushwa angani namna hiyo. Ulikuwa mchoro mzuri. Niliweka mishale.

Mhariri, aliniamini. Katika ndoa yetu yote Kanyiva hajawahi kuuliza kama mlima niliosema uko mahali fulani kweli uko hapo. Akavirudisha viatu kabatini. Kisha akaipeleka habari kwa chama cha akina mama kanisani, na kuanzia Jumapili hiyo wakawa wanauombea uwanja wa Pemba. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimekaa kwenye benchi la mbele nikisikia akina mama arobaini wakimsihi Mungu ayarudishe maji nyuma ili ndege zitue salama, nami nikaitika amina. Niliitika kwa sauti, kwa miaka mitatu, na Jumapili nyingine nilikuwa wa kwanza.

Mwaka wa pili jambo la ajabu likatokea. Kanyiva alikuwa amemuuliza Nzilani kwenye simu kama ni kweli safari hiyo ni masaa saba. Akaja kuniambia: "Nzilani anasema ni kweli. Anasema wakati mwingine hata nane." Nilishangaa sana. Kwa siku kadhaa nilitembea nikifikiri kwamba huenda nimegundua jambo bila kujua. Nilianza kuheshimu mchoro wangu.

Hayo yote yangeweza kuendelea vizuri kama mngeweka tanbihi moja tu, hata yenye mashaka, kuhusu maji. Hamkuweka.

3. Kwamba mmeandika muda wa safari kwa herufi kubwa mno.

Tarehe kumi na nne mwezi huu tulikuwa na chakula cha shukrani ya mavuno nyumbani kwetu. Mchungaji alikuwepo, wazee wa kanisa walikuwepo, na chama cha akina mama karibu chote. Mulwa pia alikuwepo. Huyu Mulwa alifundisha Hisabati katika shule niliyofundisha mimi, na tulitumia meza moja kwenye chumba cha walimu kwa miaka ishirini na sita bila kukubaliana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Tangu astaafu hana tena daftari za kusahihisha, kwa hiyo husahihisha watu.

Mchungaji aliuliza habari za Nzilani. Ningeweza kusema hajambo nikanyamaza. Badala yake nilieleza masaa saba. Nilipoona watu wanatikisa vichwa kwa huruma, nikaongeza kwamba mwezi ukiwa mpevu ni nane. Nilianza kueleza mvuto wa mwezi. Hapo Mulwa akatoa simu yake mfukoni.

"Mwalimu, umesema masaa mangapi?"

"Saba. Mwezi mpevu, nane."

"Hapa wameandika dakika thelathini na tano."

Nikamwambia labda hizo ni ndege za jeshi.

"Wameandika abiria," Mulwa akasema, akaipitisha simu mezani ili kila mtu asome.

Sasa nakuuliza, Mhariri, kwa nini muda wa safari uandikwe kwa herufi nene namna ile? Mchungaji, ambaye hushika Biblia kwa mkono ulionyooka kabisa ili aione, aliusoma kutoka upande wa pili wa meza. Mama mwenyekiti wa chama cha akina mama naye akausoma, akasimama, akauliza, "Na yale maombi?" Kuku mmoja aliingia, akaangalia hali ilivyo, akatoka.

Kanyiva alikuwa akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Aliweka upawa chini. Hakunipigia kelele, wala hakuuliza kitu. Alisema neno moja tu.

"Muindi."

Tangu Nzilani azaliwe, mwanamke huyu hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Baba Nzilani. Siku hiyo, mbele ya wageni, nilirudishwa kuwa Muindi, mtu asiye baba wa mtu yeyote.

4. Kwamba ukurasa wenu hausemi mtu afanye nini akishausoma.

Wageni waliondoka mapema, wengine bila kunawa mikono. Kanyiva akaketi kwenye kochi, akampigia Nzilani simu, akaiweka kwenye spika. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba sahani.

"Nzilani, kutoka Unguja mpaka hapo kwako ndege inachukua muda gani?"

Nzilani akauliza, "Mama, kwani Baba amesema ngapi?"

"Usiniulize baba yako amesema ngapi! Mimi nilikuuliza kama ni masaa saba ukaniambia ndiyo, hata nane. Hata wewe, Nzilani? Mnanizungusha nyinyi wawili kama mtoto?"

"Ni kama nusu saa, Mama."

"Na kwa nini ukasema nane?"

Tulisikia upepo kwenye simu, kisha Nzilani akasema, "Nilifikiri kama Baba amesema saba, basi anazihitaji zote saba. Sikutaka ujue kwamba ni mimi ambaye Baba hataki kumwona. Nikaona ni heri mlaumu bahari."

Kanyiva alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nilisimama pale na sahani zangu. Nilikuwa na maneno, Mhariri, hukosi maneno ukiwa umesimama mbele ya darasa miaka thelathini na mmoja, lakini yote yalikuwa yamechelewa, na mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikaenda jikoni nikaosha sahani za wageni zote. Kanyiva hakuniambia niziache. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Baadaye alikuja akasimama nyuma yangu. "Mimi naenda Jumatano ya mwisho wa mwezi," akasema. "Nzilani ananitumia tiketi. Wewe baki na masaa yako."

Nadhani unaona uzito wa lalamiko hili la nne. Kwa miaka mitatu nilijiona mimi ndiye ninayemwadhibu binti yangu kwa ukimya. Kumbe wakati huo wote yeye alikuwa akinisitiri mbele ya mama yake. Nilikuwa sijui, na nilikuwa naishi vizuri. Dakika zenu thelathini na tano ndizo zilizonijulisha.

5. Kwamba mmeandika hakuna tofauti ya saa kati ya Kenya na visiwa hivyo.

Nilikuwa nimebakiza sababu hiyo moja. Nilitaka kusema kwamba mtu wa umri wangu akibadilishiwa saa hupata kizunguzungu. Nikashuka chini ya ukurasa wenu nikakuta mmeshaiziba.

6. Kwamba mmenilazimisha kwenda kwa Dirie.

Nilikwenda Makindu nikitumaini Dirie ataniambia jambo la kutisha kuhusu ndege ndogo. Ni rafiki wa siku nyingi. Familia yake ilitoka kaskazini, na kwa sababu ya biashara amepanda ndege za kila aina, hata zile za kubeba miraa. Nilimkuta akipima kitambaa cha pazia. Nikamuuliza habari za ndege ndogo, aina ya ile ya Pemba.

"Ah, ile ni ndogo, Mwalimu," akasema. "Unamwona rubani mgongo. Hata saa yake ya mkononi unaiona."

Nilifurahi. "Inatikisika?"

"Inatikisika sana."

"Watu hulia?"

Dirie alifikiri kidogo. "Mimi niliona mmoja amelala."

Nikamwambia haiwezekani. Akaweka mkasi chini, akaniangalia kama vile nilivyokuwa nikimwangalia mwanafunzi anayejua jibu lakini anaogopa kuinua mkono.

"Mwalimu, wewe unaogopa ndege ama unaogopa msichana wako?"

"Ndege."

"Basi kuna meli."

"Meli ina maji chini yake."

"Basi kaa hapo. Mpigie simu saa hii, mimi nitoke nje."

Nikasema simu yangu haina salio. Akaniwekea yake mkononi, namba ya Nzilani ikiwa tayari kwenye kioo, akatoka nje na kuliacha duka lake mikononi mwa mtu asiyejua hata nailoni ni ipi. Nilikaa na simu ile. Niliangalia lile jina. Wakaingia wanawake wawili wakauliza pazia la maua ni ngapi. Nikawauzia. Wakauliza kama lina rangi nyingine, nikawatafutia nyingine. Sijawahi kuhudumia watu kwa bidii kama siku ile. Dirie aliporudi nilikuwa nimeuza mita tisa na sijapiga simu.

Nikamrudishia nikamwambia laini ilikuwa mbaya. Aliangalia skrini, akaona hakuna kilichopigwa.

"Ndiyo," akasema, "leo mtandao uko chini."

Naye pia! Nilirudi Matiliku nikihesabu watu wanaonisitiri. Mke wangu alinisitiri kwa kuniamini, binti yangu kwa kunidanganyia, sasa na mwenye duka. Ni Mulwa peke yake aliyewahi kuniambia ukweli, na nilimchukia kwa hilo, hasa kwa sababu aliusema akiwa na mfupa wa kuku wangu mkononi.

Kwa sababu hizo zote, Mhariri, na kwa unyenyekevu wa mtu anayelala stoo, naomba ofisi yako ifanye mambo machache.

Kwanza, mwongeze mstari mmoja kwenye ukurasa, kwa ajili ya abiria wa aina yangu, usemao: "Unguja hadi Pemba, kwa wazee wenye kichwa kigumu, ni miaka mitatu, miezi minne na dakika thelathini na tano." Hizo ni takwimu zilizopimwa. Nimezipima mwenyewe.

Kama hilo ni gumu, basi mpunguze herufi mpaka Mulwa ahitaji miwani, na miwani yake nitajua jinsi ya kuikalia.

Kama hilo nalo ni gumu, naomba barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba zamani visiwa hivi vilikuwa mbali zaidi. Hamtakuwa mmesema uongo. Ardhi husogea, nilikuwa nikiifundisha mada hiyo kila mwaka. Ni kweli kwamba husogea sentimita chache tu, lakini kanisani hakuna anayelijua hilo isipokuwa Mulwa, na safari hii nitahakikisha haalikwi.

Na kama yote hayo hayawezekani, ufuteni ukurasa wote. Wafuteni Wapemba na Waunguja kwenye hesabu zenu kwa muda, mpaka hasira za Kanyiva zipoe. Sidhani kama watajali. Wao hawauhitaji ukurasa wenu kujua jirani yao yuko wapi.

Nisalimie wote mnaofanya nao kazi hapo, wale wanaoweka umbali na wale wanaoweka muda, hata kama hamsalimiani. Salamu pia kwa marubani wote wa ndege ndogo, na kwa yule abiria aliyelala, popote alipo. Kanyiva angekusalimu lakini hajui kwamba nakuandikia. Anapanga begi. Dirie ameahidi kuichapa barua hii na kuituma nikimpelekea.

Wako katika kutafuta umbali unaofaa,

Mwl. Muindi Kitonga.

N.B. Ndugu Mhariri, barua hii haikufika kwa Dirie. Nimeikuta ndani ya mfuko wa koti langu, nami ninamalizia kuiandika hapa Pemba, juu ya kibaraza cha nyumba ya Nzilani.

Nilisema nitambebea Kanyiva begi hadi steji tu. Tulipofika steji, basi lilikuwa limechelewa, na ukisimama na mtu muda mrefu kando ya barabara bila kuongea, unaanza kuona mambo. Nilimuuliza, "Nzilani ametuma tiketi ngapi?" Akajibu bila kugeuka: "Mbili. Hajawahi kusema atatuma moja." Basi likaja. Nilipanda na koti nililokuwa nimevaa, sina hata mswaki.

Kile kipande cha baharini nilikifunga macho. Nilisikia kila kitu Dirie alichosema nitakisikia. Kanyiva alinishika mkono, akaniambia nifungue macho, ni vizuri. Nilikaza macho zaidi. Nilipopata moyo wa kutazama chini, niliona maji ya kijani na mistari mirefu ya kamba iliyonyooka vizuri kama matuta ya mtu anayejua kazi, na kabla sijamaliza kuitazama tulikuwa tumeshatua. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Nairobi, ina utangulizi.

Nzilani alikuwa amesimama nje ya jengo, mikono imebabuka kwa chumvi, amekonda kidogo. Nilimfikia, na hotuba yote ikabaki kwenye ndege.

"Safari ni fupi," nikasema.

"Najua, Baba," akasema. "Karibu." Akaniangalia tena. "Begi lako liko wapi?"

Nikamwambia sina begi. Ndipo akaanza kulia, na Kanyiva akaniita Baba Nzilani, akaniambia nisisimame tu hapo kama mlingoti.

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote sita pamoja na maombi yangu. Badala yake nina lalamiko moja jipya, nami naomba lishughulikiwe haraka. Kwa saa yangu, tangu magurudumu yaache lami ya Unguja hadi yaguse ya Pemba, zilikuwa dakika thelathini na moja. Nyinyi mmeandika thelathini na tano. Tafadhali ziondoeni hizo nne, na mliandike jibu kwa herufi kubwa kuliko za sasa. Mahali fulani kuna mzee mwingine anazitafuta, na dakika nne zinamtosha kabisa kuanzishia uongo wake.